Betri za Babu na Adapta Yangu

Ndugu msomaji, kabla hujauliza mwandishi chipukizi anatafuta nini kwenye mambo ya mafundi redio, ngoja nikiri kosa langu. Mie ndiye niliyeiua redio ya marehemu babu yangu. Niliiua mchana kweupe, barazani kwa bibi, kijijini kwetu Chiola, mbele ya mjomba, mama mdogo na watoto wa jirani waliokuja kumwona mgeni wa Dar. Silaha yenyewe ilikuwa adapta, kile kidude cheusi kinachochomekwa ukutani ili redio iache kula betri. Niliinunua Kariakoo, bei poa, na muuzaji akaniapia kwamba "inakubali redio zote".

Hakuna adapta inayokubali redio zote. Somo hilo limenigharimu, ndiyo maana nakuandikia. Lakini nikikuelezea volti na ampea peke yake nitakuwa nimekupa nusu ya habari. Redio ile ilikuwa na historia yake, betri zake nazo zilikuwa na historia yake, na mie niliingia humo ndani bila hodi.

Chiola iko Mkoa wa Lindi, kwenye nchi ya Wamwera, huko Nachingwea na Ruangwa zinakokaribiana. Ni nchi ya korosho, ufuta, mbaazi na mihogo. Babu yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa korosho, hakuwahi kuajiriwa, na katika maisha yake yote hakulala hata usiku mmoja kwenye nyumba yake yenye umeme. Hata hivyo alikuwa mtu wa redio kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua.

Redio za mwanzo hazikutengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye. Zilitumia valvu, vile vichupa vya kioo ambavyo ni lazima vipate moto kwanza ndipo vifanye kazi, na vichupa hivyo vilikuwa walafi wa umeme. Mwaka 1949 jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, walianza kuuziwa redio ya betri ambayo bodi lake lilikuwa sufuria la aluminiamu lililopakwa rangi ya buluu. Ilikuwa redio ya bei nafuu kwa wakati ule, pauni 5, lakini betri yake peke yake ilizidi pauni 1. Hebu fikiri! Unanunua ng'ombe, halafu majani yake yanagharimu robo ya ng'ombe. Huku kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na aliyeisikia mara nyingi alikuwa mtu wa mjini, au mtu aliyesimama dirishani kwa mtu wa mjini.

Kilichomfikishia babu redio ni transista. Ilibuniwa Marekani mwezi Desemba 1947, kwenye maabara za Bell. Transista haihitaji kupashwa moto, na inaridhika na umeme mdogo mno, ule unaotoka kwenye betri kavu za kawaida. Basi redio ikatoka ukutani ikaenda shambani. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na jina lake la National likawa jina la betri na la redio hadi vijijini ndani kabisa. Ya babu ilikuwa National pia, kubwa, ya mkoba wa ngozi wenye vitundu mbele. Aliinunua kwa fedha za korosho, miaka ya sabini, na bibi anasema siku ilipoingia nyumbani babu aliizungushia kanga kama mtoto mchanga.

Wakati huo Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya tangu 1965, haikuwa ya muziki na taarifa ya habari tu. Ilikuwa shule. Mwaka 1973 ilipotangazwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Kikundi cha babu kilikaa chini ya mwembe, redio juu ya kiti, watu chini kwenye mikeka. Bibi hucheka akikumbuka: "Kiti kilikuwa kimoja, na aliyekalia ni yeye mke mwenzangu."

Ndivyo alivyoiita redio ile maisha yote. Mke mwenza. Kwa sababu babu aliilaza karibu na kichwa chake, aliinunulia mahitaji kabla ya kununua kitenge, na ikianza kunong'ona usiku hakuna aliyeruhusiwa kusema.

Na iliyosemwa humo haikuwa mambo ya mbali tu. Nachingwea ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji tangu katikati ya miaka ya 1960. FRELIMO walifundisha askari wao hapo, na sauti yao ilirushwa hewani kutoka Dar es Salaam kupitia mitambo ya Radio Tanzania. Kwa babu, vita ya ukombozi ilikuwa kitu kinachotokea upande ule wa shamba la jirani na pia ndani ya mkoba wa ngozi.

Lakini kipindi alichokiogopa na kukifuata kuliko vyote kilikuwa matangazo ya vifo. Vijana wengi wa Kusini walikuwa wamekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wengine Tanga, na wengine hawakurudi tena. Barua ilichukua wiki. Simu haikuwapo. Redio ilikuwa ndiyo njia ya msiba kufika nyumbani. Jioni moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, babu alisikia jina la kaka yake mkubwa. Alisikia jina, akasikia "amefariki", akasikia "Tanga", halafu betri zikafa. Redio ilinywea kama mtu anayesinzia. Hakusikia mazishi ni lini wala ndugu wakutane wapi. Aliwasha taa ya kibatari akatoka usiku ule kwenda kwa mwenye redio nyingine, mwendo wa saa nzima, na alipofika kipindi kilikuwa kimekwisha.

Miaka hiyo, msomaji mwenzangu, betri zilikuwa dhahabu. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imekwisha lakini maduka yalikuwa matupu. Sabuni ilikuwa ya mgao, sukari ya mgao, na betri ukizipata ni kwa kujuana. Kuanzia usiku ule babu aliweka akiba: betri sita mpya, zimefungwa kwenye kitambaa, ndani ya chungu kisichotumika. Ziliitwa betri za msiba. Hazikuguswa kwa muziki wala kwa mpira.

Basi za kila siku je? Hapo ndipo babu alipokuwa mtaalamu. Betri zikichoka alizianika juani, na jioni zilipata nguvu kidogo. Zikichoka zaidi alizing'ata kwa meno ili zibonyee. Zikizidi kuchoka hakuzitupa. Alipasua mwanzi katikati, akazipanga humo kwa mstari, kitako cha moja kikigusa kichwa cha nyingine, akazifunga kwa mpira wa tairi, akavuta nyaya mbili hadi kwenye redio. Redio ile ilitaka betri sita. Betri mpya ina volti 1.5, kwa hiyo sita ni volti 9. Betri iliyochoka inaweza kubaki na volti 1 tu. Babu hakujua hesabu hiyo kwa majina, lakini aliweka tisa. Alianza na saba, akasikiliza. Akaongeza ya nane, akasikiliza. Akaongeza ya tisa, redio ikazungumza sawasawa, akaacha hapo. Mjomba, wakati huo mtoto, alimwambia aongeze mbili ipige kelele kwelikweli. Babu akamjibu: "Unataka izungumze au unataka ilie?"

Sentensi hiyo nilisimuliwa tangu mdogo, na nilidhani ni kichekesho cha wazee.

Twende sasa kwenye umeme. Nachingwea mjini kulikuwa na umeme wa jenereta za dizeli, na mafuta yakikosekana mji ulikuwa gizani sawa na vijiji. Gesi ya Mnazi Bay, kule Mtwara, iligunduliwa 1982, ikakaa chini ya ardhi zaidi ya miaka 20 ndipo ikaanza kuzungusha mitambo ya umeme wa Kusini. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya 2005 ukaanza kazi 2007, na tangu hapo nguzo zikaanza kutembea kwenda kwenye vijiji ambavyo havikuwahi kuziona. Zilipofika kwa bibi, babu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mjomba akavuta umeme: taa mbili na soketi moja ya barazani. Nami nilipokwenda likizo nikaamua kumfanyia bibi jambo la kisasa. Betri sita kila mara za nini, na ukutani kuna umeme wa TANESCO?

Adapta yangu ilikuwa na swichi ndogo yenye namba: 3, 4.5, 6, 7.5, 9, 12. Ilikuwa na waya wenye vichwa vingi kama pweza, na kichwa kinaweza kugeuzwa upande huu au ule. Nilifanya nini? Nilitazama redio, nikaiona kubwa, nikajiambia kubwa inataka nguvu. Nikaweka 12. Kichwa nikakichomeka kilivyokuwa. Nikawasha.

Redio ilisema "pwa". Halafu ukaja moshi mwembamba kupitia vile vitundu vya ngozi, na harufu ambayo mpaka leo nikiinusa kwa fundi moyo unashtuka. Watoto wakakimbia. Mama mdogo akachomoa. Bibi hakusema neno kwa muda, kisha akanigeukia. Bibi zetu huwatania wajukuu wa kiume kwa kuwaita waume zao, nawe unalijua hilo. Akasema kwa sauti ya taratibu: "Mume wangu, leo umeniulia mke mwenzangu."

Wote walicheka. Mie sikucheka, maana niliona macho yake.

Kesho yake nikaibeba redio hadi Nachingwea, kwa fundi mmoja pale sokoni. Mzee mwenyewe alifungua skrubu, akanusa, akaomba adapta. Akaangalia swichi, akaangalia kichwa, akanitazama mimi. "Kijana, wewe umesoma ukuta. Redio hukuisoma."

Akaigeuza redio, akafuta vumbi nyuma kwa kidole gumba, na pale kwenye tundu la kuchomekea palikuwa na maandishi ambayo yalikuwapo tangu siku babu alipoinunua. Nitakueleza alivyonieleza, maana yanafaa redio, kinanda, simu ya mezani, hata kichezeo cha mtoto.

La kwanza, aina ya umeme. Ukutani kwetu kuna volti 230 za AC, umeme unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Betri hutoa DC, unaokwenda upande mmoja tu. Adapta ya kawaida ina transfoma ya kushusha volti, daiodi za kuunyoosha umeme, na kapasita ya kuutuliza. Kuna adapta nyingine hushusha tu bila kunyoosha, zikaandikwa AC upande wa kutokea. Hizo si za redio ya betri.

La pili, volti. Hesabu betri, zidisha kwa 1.5. Mbili ni 3, nne ni 6, sita ni 9. Kisha hakikisha kwa maandishi ya tundu, maana vyombo vingine betri zake zimepangwa kwa makundi mawili na hesabu hiyo hudanganya. Na adapta za bei poa zina ujanja wao: iliyoandikwa 9 huweza kutoa 12 au zaidi pale chombo kinapokula umeme kidogo. Fundi alinipimia yangu kwa mita. Kwenye 9 ilitoa 13. Kwenye 12, sitaki hata kusema.

La tatu, ncha. Tundu lina katikati na kando, na moja ni chanya, nyingine ni hasi. Kuna kimchoro cha nukta ndani ya duara lililokatwa, kinachoonyesha ishara ipi iko katikati. Redio ya babu ilitaka hasi katikati. Adapta yangu ilileta chanya katikati. Volti ikizidi kidogo redio inaweza kuvumilia, lakini ukigeuza ncha, kapasita zinachemka na vidude vingine vinakufa papo hapo.

La nne, ampea. Hapa ndipo wengi huogopa pasipo na sababu. Redio ikitaka milliampea 300, adapta ya 500 au ya 1,000 haitaiunguza, kwa sababu redio huchukua inachohitaji tu. Hatari ni adapta kuwa ndogo: inachemka, na sauti inakoroma kila ukiongeza.

La mwisho, kichwa cha waya kitoshe kwenye tundu bila kulegea. Na kwa redio ya masafa ya kati au mafupi, akaniambia nitafute adapta nzito ya transfoma, kwa sababu hizi nyepesi za kisasa, za jamii ya chaja za simu, nyingi huingiza kelele hewani na kufunika stesheni za mbali.

Nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Nina cheti cha kidato cha nne, nimesoma fizikia ya umeme, nimekariri volti na ampea. Babu hakusoma hata kidogo, lakini aliongeza betri moja moja na kusikiliza. Yeye alianza na redio. Mie nilianza na nguvu niliyokuwa nayo mkononi.

Na njiani kurudi Chiola nikawaza kwamba kosa langu si geni kwenye nchi ile. Mwaka 1947, mwaka ule ule transista ilipobuniwa, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa kuwa Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Wakaleta matrekta kwa mamia, hata vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Kusini wakajenga bandari Mtwara na reli ya kufika Nachingwea. Nguvu ilikuwapo tele. Lakini ardhi haikusomwa vya kutosha kabla ya kuwasha mtambo: kule Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, mvua zikakosa, mizizi ikavunja vyuma. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, hasara ikakisiwa pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wa kwetu waliokuwa wakilima karanga zao miaka yote hawakukosekana, wangeulizwa wangejibu.

Sisemi umeme usije kijijini. Sitaki mtu anifasiri vibaya! Bibi anafurahia taa yake, na mie sitamani kurudi kung'ata betri kwa meno. Nasema anayeleta nguvu ana wajibu wa kusoma anayepokea, awe serikali yenye vifaru au mjukuu mwenye adapta ya Kariakoo.

Fundi alibadilisha kapasita mbili na kidude cha kukuza sauti, akakitoa kwenye redio nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Akaniuzia adapta nzito, ya volti 9 zilizodhibitiwa, akageuza waya zake kwa kuchomea upya ili hasi iwe katikati. Redio inazungumza. Inakwaruza kidogo ukiongeza sauti, na mkoba wa ngozi una alama nyeusi pale moshi ulipotokea.

Bibi aliipokea, akaitega sikio, akaridhika. Kisha akaleta chungu. Betri sita zilikuwa bado humo, kwenye kitambaa. Si zile za babu, bali yeye mwenyewe huzibadilisha miaka ikipita. Umeme wa nguzo hukatika, akasema, na msiba haungoji. Nikamwonyesha kwamba kichwa cha adapta kikiwa kimechomekwa, redio hujitenga na betri zake. Umeme ukikatika ni lazima achomoe kichwa nyuma ya redio ndipo betri zifanye kazi. Akajaribu mara tatu mpaka mkono ukazoea gizani.

"Andika," akaniambia. "Si unasema wewe ni mwandishi?"

Nikachukua plasta ya hospitali na kalamu ya wino. Nikaandika nyuma ya redio: VOLTI 9 DC. KATIKATI HASI. UMEME UKIKATIKA CHOMOA HAPA. Nimeandika hadithi na mashairi, na wahariri wamenirudishia mengi kwa adabu. Maandishi yale ya plasta hayajarudishwa. Mama mdogo ananiambia kwamba kila mgeni anayekuja na chaja yake mkononi, bibi humzuia, humgeuzia redio, na kumwambia asome kwanza.